Kaseti ya Uzi Mwekundu

Msambweni
9 Februari 1999

Kwako mpwa wangu Swabir,

Asalaam alaikum. Salamu zangu zikukute umekaa, na kama umesimama kwa ajili ya kazi za watu, basi zikungoje mpaka ukae. Mimi mjomba wako ni mzima ila mguu wa kushoto unajifanya wa mtu mwingine. Mkaza mjomba wako Mbodze hajambo kidogo tu. Tangu Idd anashinda kitandani, anasema miguu imejaa maji, na chakula anakipindua pindua kama anatafuta kitu ndani yake.

Siku ya Idd ulikaa kwenye mkeka wangu, ukala biriani yangu, ukajigamba kwamba hapo hotelini Diani mna kompyuta inayomeza nyimbo za kaseti, na zikishamezwa haziozi wala haziliwi na chumvi ya bahari. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na mfupa mdomoni. Sasa nasema. Nakuletea kaseti zangu zote, kiroba kizima, anakuja nacho Hanifa jirani yetu anapopeleka samaki wa kukaanga Ukunda. Hakuna mtu mwingine kuanzia hapa mpaka Shimoni mwenye ngoma nyingi kama hizi. Wazungu wakisikia watalia.

Sikiliza mpango wangu, usije ukaniharibia. Mimi sikuandika majina juu ya kaseti, majina yanafutika. Nimefunga nyuzi. Uzi wa buluu ni arusi. Uzi wa kijani ni ngoma za sengenya, zile za kushindana. Ukuti ni matanga. Na fundo ni ua wa nyumba: fundo moja ua wetu, mawili ua wa jamaa zetu wa Mkunguni, hivyo hivyo. Gizani mimi nashika kaseti kwa kidole nakwambia nani anaolewa humo.

Iliyo muhimu ni moja, yenye uzi mwekundu. Humo mna mkwe wangu, mama yake Mbodze, Mungu amrehemu. Redio imeanza kuitafuna. Mbodze anaiulizia kila siku, na ni kitu pekee anachouliza. Nimemwambia aniachie mimi. Fanya hiyo kwanza, halafu uirudishe upesi.

Nimeandika haya yote kwa mkono wangu, cheti cha kisomo cha gumbaru hakikuwa cha bure.

Mimi mjomba wako,
Chande


Diani
26 Februari 1999

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai mguu umerudi kuwa wako. Mpe pole nyingi mkaza mjomba, mwambie namwombea dua kila swala. Mimi ni mzima, ila wageni ni wachache, kwa hivyo tuna nafasi ya kuchezea mashine.

Kiroba kimefika, kinanuka samaki lakini kaseti ni salama. Nimeanza na ya uzi mwekundu kama ulivyoamuru. Mjomba, usikasirike, lakini hii kompyuta ina programu ya kuweka nyimbo, na hiyo programu ina tabia zake. Kila wimbo inauliza mambo matatu: mwimbaji ni nani, albamu ni ipi, wimbo unaitwaje. Haiulizi ua. Haiulizi arusi ya nani. Nimejaribu kuandika "arusi" pale pa mwimbaji, ikawachanganya maharusi wote wa Msambweni wakawa mtu mmoja. Halafu inapanga kwa herufi, A mpaka Z, huwezi kuiambia hii ianze na hii ifuate. Nyimbo za kumtoa bwana arusi zimetangulia za kumwingiza.

Na tena inakata. Kila inaposikia kimya inadhani wimbo umekwisha, inaanza kuhesabu mwingine.

Mkubwa wangu hapa ni Jethro, mtu wa bara, ndiye msimamizi wa muziki. Nilipomweleza habari ya nyuzi alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Mwambie mzee mashine haina vidole." Si mtu mbaya.

Basi naomba jina la yule bibi. Mimi nilikuwa mdogo, nilimjua kwa Mama Mbodze tu. Niandikie jina lake na la baba yake, niliweke, wimbo ukae mahali pake.

Mpwa wako,
Swabir


Msambweni
8 Machi 1999

Swabir mpwa wangu,

Salamu nyingi, na za Mbodze ziko humo humo. Yeye hali yake ni ile ile, tunamshukuru Mungu kwa ile ile.

Barua yako nimeisoma, nikaivua miwani, nikaifuta, nikaisoma tena. Wewe unaniuliza mimi jina la mkwe wangu. Wewe uliyelelewa kwa dada yangu, si kwa Jethro. Kama ungekuwa karibu ningekutafuta kwa fimbo, na mguu huu huu.

Nikwambie kitu. Yule mama tangu siku nilipotoa posa mpaka siku tulipomzika, jina lake halijapita katika mdomo huu. Nikimwona anakuja njiani naingia kwenye mihogo ya watu ili apite. Tonge sijalila mbele yake. Wanaume wa siku hizi wanakaa sebuleni na wakwe zao wanatazama televisheni, mimi siyo hao. Msambweni nzima walikuwa wanasema, ukitaka kuona heshima nenda kwa Chande.

Hata hiyo kaseti unajua niliinasa vipi? Redio kaseti nilinunua mimi kabla ya mtu yeyote hapa, hata mwalimu mkuu alikuja kuazima. Nikaiweka dirishani, nikabonyeza kitufe chekundu, nikaenda zangu kukaa nyuma ya banda la mbuzi. Yeye akaimbia ndani na binti yake na wanawake wa mtaa wakimwitikia. Upande ulipokwisha Mbodze akagonga dirisha kwa mwiko, nikaja nimeinamisha kichwa, nikapitisha mkono, nikaigeuza, nikarudi kwa mbuzi. Ndivyo tulivyofanya kazi. Na mpaka leo, Mbodze akiipiga, mimi hutoka nje. Sauti yake ikiwa ndani ya nyumba ni kama yeye mwenyewe yumo ndani ya nyumba.

Sasa hiyo mashine yako ni nani hata nimvunjie heshima aliye kaburini? Pale inapouliza mwimbaji, acha patupu. Usimbandike jina la uongo pia, kumwita mtu jina lisilo lake ni kumtukana. Acha patupu, mashine iliyosoma itaelewa.

Na hicho kimya inachokikata, iambie hicho si kimya. Hapo anavuta pumzi.

Mjomba wako


Diani
30 Machi 1999

Mjomba,

Shikamoo, na Idd njema, ingawa imepita na sikupata ruhusa ya kuja. Mkaza mjomba anaendeleaje? Hanifa ameniambia amekonda.

Nimefanya ulivyosema, nimeacha patupu. Lakini mashine haikubali patupu, mjomba. Ukiacha, inaandika yenyewe "Hajulikani". Nikifuta inaandika tena. Kwa hivyo yule bibi sasa ameingia humo, Hajulikani wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kuendelea, kila alipovuta pumzi. Nyimbo zako nyingine nyingi pia zimo humo pamoja naye, maana wale wanawake wa arusini sikuwajua.

Kuna jambo jingine, na naomba ulisome ukiwa umekaa. Nilipokuwa naisikiliza kaseti mara ya pili kuhakikisha, redio ya hapa iliuvuta utepe wake, nao ukakatika na kujikunja. Nimejaribu kuuunga, haikuwezekana. Lakini usihofu, sauti yote imo ndani ya mashine, nimeisikia kwa masikio yangu. Nitakunakilia kwenye kaseti mpya, itakuwa safi kuliko ile.

Mpwa wako,
Swabir


Msambweni
17 Aprili 1999

Swabir,

Salamu. Sitaandika mengi.

Uzi mwekundu nilioufunga mimi haukukatika, utepe ndio umekatika. Nimemwambia Mbodze kaseti iko kwa fundi, inasafishwa. Sikumwambia mengine. Ameshindwa kuketi bila kuegemezwa. Daktari amesema maneno mengi ya Kiingereza halafu akasema nyumbani ni pazuri zaidi.

Anasema jambo moja tu. Hataki matunda, hataki kuombewa kwa sauti, anataka kumsikia mama yake. Nimemwambia, hilo tu? Kwa mume kama mimi, unaloliomba utalikosa vipi? Basi nimeshasema hivyo.

Hanifa anakuletea kaseti tupu, mpya, na betri nimekwisha kununua. Irudi naye.

Mjomba wako


Diani
22 Aprili 1999

Mjomba,

Shikamoo. Hanifa ananisubiri na beseni lake, kwa hivyo ni haraka. Kaseti hiyo hapo. Jethro ananiachia mashine wakati wa chakula tu, nimeanzia Hajulikani wa kwanza nikaiacha inakili upande mzima peke yake, mimi nikaenda kuhudumia wageni. Mpe mkaza mjomba mkono wangu.

Swabir


Msambweni
25 Aprili 1999

Kwa Swabir,

Salamu. Nakueleza lililotokea, halafu utajua la kufanya.

Jana alasiri nilifagia chumba mwenyewe. Hanifa akamkalisha Mbodze juu ya mito, akamfunga leso aliyoachiwa na mama yake. Majirani wa kike wakaja wakakaa sakafuni, maana walikuwa wamo kwenye kuitikia siku ile, waliobaki. Mimi nikaweka kaseti, nikabonyeza, nikatoka nje kama ada yangu. Nimekwenda mpaka kwa mbuzi.

Nikasikia gitaa.

Nikasema labda ni mwanzo. Kisha akaja mwanamume, Mzungu, analia na gitaa lake kama mtu aliyeibiwa. Nikarudi mbio, mguu na yote. Wanawake wananitazama. Mbodze ananitazama. Akasema, "Bwana Chande, mama amejifunza Kizungu lini?"

Wakacheka wote, na yeye akacheka mpaka akakohoa, Hanifa akamshika. Mimi nikacheka pia, nifanyeje. Nikageuza upande wa pili, kumbe ni tupu. Walipoondoka akanishika kiganja, akasema, "Usijali, utaipata. Wewe hukosi kitu." Ndicho nilichokuwa nikimwambia yeye miaka yote. Sasa ananirudishia.

Mama yangu yuko wapi, Swabir? Namwita mama kwa sababu unanilazimisha nimwite kitu. Umempeleka wapi?

Mjomba wako


Diani
4 Mei 1999

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika na kuichana mara nyingi.

Ile programu, ukiiingizia wimbo usio na jina, inaupa jina Hajulikani na namba. Jethro aliingiza sanduku lake zima la nyimbo za disko na za wageni, nazo hazikuwa na majina. Mashine ikazipa namba zile zile kuanzia wa kwanza. Ikamuuliza, hii ipo tayari, niibadilishe? Akabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Ilikuwa saa ya kazi, hakusoma. Nimemgombeza, akasema, "Maze, si ungeiandika jina?" Ameomba radhi kweli, ameniongezea saa ya mashine jioni.

Kwa hivyo wengi wamekwisha, mjomba. Nyimbo za Jethro zimeandikwa juu yao. Waliobaki ni wa namba zilizoponyoka hapa na pale alipokosea kubonyeza, ni vipande tu, havina mwanzo wala mwisho. Ni vya akina mama, wengine ni wa arusi zako, wengine huenda ni yeye. Nimevisikiliza mpaka masikio yanauma. Wote ni wanawake, wote wanaitikiwa, wote wanaimba kama wanaojuana. Mimi sauti yake siijui. Kunakili vyote kwenye kaseti kunachukua muda ule ule wa kuviimba, na mashine imejaa, mwisho wa mwezi wenye hoteli wanataka kila Hajulikani afutwe.

Niandikie maneno ya wimbo wake, hata mstari mmoja. Au muulize mkaza mjomba jina, yule bibi ni mama yake, hakatazwi kulitaja. Hanifa nimemuuliza, hajui zaidi ya Mama Mbodze. Kwao yule bibi, Kinango, nimeulizia kwa mtu, anasema ndugu zake wamekwisha.

Nisamehe.

Mpwa wako,
Swabir


Msambweni
12 Mei 1999

Swabir,

Salamu.

Mbodze hasemi tena. Juzi asubuhi nilimletea uji, mdomo ukawa umekwenda upande, na mkono mmoja haumsikii. Ule mwingine nimempa mwiko wake, akitaka kitu anagonga tendegu la kitanda. Akigonga nakwenda. Sijui anataka nini, lakini nakwenda. Namwonyesha maji, namwonyesha mto, namwonyesha dirisha. Halafu anatazama redio.

Umesema nimuulize jina. Nilikuwa na mdomo wake mzima humu ndani wiki ngapi, sikumuuliza, kwa sababu nilimwambia aniachie mimi.

Umesema nikuandikie maneno. Wimbo ule naujua wote, nimeusikia kutoka kwa mbuzi miaka yote, naweza kukuandikia mpaka karatasi iishe. Lakini yeye alikuwa mwimbaji wa kweli, na mwimbaji wa kweli anajitaja. Kila ubeti anaanza kwa kusema yeye ni fulani wa fulani, ndipo wanaitikia. Hakuna mstari unaoweza kuuchota usimchote na yeye. Nimejaribu. Nimekaa na kalamu toka swala ya adhuhuri.

Mjomba


Msambweni
19 Mei 1999

Swabir mpwa wangu,

Asalaam alaikum.

Leo nimenunua leso mpya na jogoo mweupe. Leso nimeipeleka kaburini, jogoo nimemchinja nikawapa jirani wakala. Ndiyo faini, kwa wazee wetu, ya mtu aliyemkosea mkwe. Kawaida mtu hukosa kwanza, akalipa baadaye. Mimi nimelipa kwanza. Nimesimama mbali na kaburi, pale mihogo ilipokuwa, nikamwambia, mama, ni mashine inayouliza, si mimi. Mvua ikaanza. Sikujua ni ndiyo au ni hapana, nikarudi.

Ninaandika mara moja. Ukishasoma, ichome karatasi hii.

KAHASO WA KENGA.

Nimeandika kwa herufi kubwa ili usiniulize tena.

Mjomba wako


Diani
31 Mei 1999

Mjomba,

Shikamoo, shikamoo tena. Karatasi nimeichoma, Jethro alishuhudia.

Nimempata. Nilipolijua jina nilivipitia vipande vyote, na katika kimoja nikamsikia akijitaja waziwazi. Mjomba, nilisimama. Sikujua kwamba ana sauti nzito hivyo.

Lakini nisikudanganye. Ni hicho tu. Anasema, "Ni mimi Kahaso wa Kenga," anavuta pumzi, na mashine imekata hapo. Kilichofuata kilikuwa na namba nyingine, na namba hiyo imeandikwa juu, sasa ni tarumbeta. Wimbo wenyewe haupo. Nimetafuta mpaka wenye hoteli walipovifuta vipande. Jethro alinisaidia, akaniwekea kipande hicho kijirudie chenyewe mpaka upande wa kaseti ujae. Kwa hivyo kaseti nzima ni yeye anajitaja, anavuta pumzi, anajitaja.

Nimeifunga uzi mwekundu. Nimeshindwa kulifunga lile fundo lako.

Mpwa wako,
Swabir


Msambweni
3 Juni 1999

Kwako Swabir,

Salamu zikukute salama. Nakuandikia nikiwa nje, chini ya upenu, kwa hivyo ukiona wino umetapakaa ni matone ya mvua, si kitu kingine.

Kaseti imefika na Hanifa. Fundo lako ni la hovyo, nimelifunga upya. Hanifa amekaa na Mbodze ndani. Redio nimeiweka dirishani pale pale, nikabonyeza kwa mkono wangu, nikatoka. Sikufika kwa mbuzi leo. Mguu umekataa, au mimi nimekataa, nimekaa hapa chini ya dirisha, nimewapa kisogo.

Anajitaja, Swabir. Hanyamazi. Jina nililolikimbia maisha yangu yote linanitokea dirishani halikomi, na mimi sina mihogo ya kuingia. Hakuna mwanamume mwingine Msambweni aliyefukuzwa nyumbani kwake na mkwe aliye kaburini, hilo ni langu peke yangu.

Mara ya kwanza, alipojitaja, nilisikia Mbodze ametoa sauti. Si neno. Hanifa akasema, "Anaitikia." Sijui kama ni kweli au ananifariji. Wanawake wale wengine hawakuja. Hana wa kuitikia naye, na mimi siruhusiwi, na hata ningeruhusiwa, ule ubeti unaofuata uko kwenye tarumbeta la Jethro.

Nilitaka kuingia nimwone uso. Nimesimama mara mbili. Kila nikisimama mama anajitaja, nakaa.

Hanifa amepita hapa sasa hivi kwenda kuteka maji. Nikamuuliza, vipi? Akasema, "Ametulia, Mzee Chande. Amefumba macho." Nikamuuliza, mwiko anao? Akasema anao mkononi. Basi.

Upande umekwisha. Nimesikia kitufe kikiruka.

Ule wa pili nao umejaa, umefanya vyema. Kugeuza nageuza mimi, hapa hakuna mwingine anayejua kuigeuza redio hii isitafune. Lakini ada yetu unaijua. Mpaka Mbodze agonge.

Nasikiliza.

Mimi mjomba wako,
Chande